Kitambaa Cheupe cha Wageni

Tarehe 2 Machi

Kitabu hiki kina picha ya jua lililovaa miwani. Duka la vifaa vya sola lilimpa binti yangu kama nyongeza aliponunua paneli, naye akanipa mimi. "Andika chochote, Mama, hata habari za nyanya." Nyanya ni nyanya tu. Mimi naandika kwamba leo binti yangu amepanda juu ya bati la nyumba hii, amefunga paneli tatu kwa mikono yake mwenyewe, na wanaume wa mtaa wamesimama chini shingo zimewapinda wakimtazama kama wanaotazama mpira. Sikuwaletea viti.

Shule niliishia ya msingi, lakini hati yangu mwalimu aliisifia mbele ya darasa zima. Sioni kwa nini nisiseme.

Tarehe 3 Machi

Nimemwambia anieleze mtambo polepole, maana watu wataniuliza na sitaki kubabaika. Paneli zinakunywa mwanga. Mwanga, si joto. Joto likizidi hata zinachoka. Zinachokunywa kule juu kinashuka kwa waya mpaka kwenye kontrola, kidude chenye taa ya kijani. Huyo ndiye mama wa nyumba: betri ikishiba anaiambia basi, ikikaribia kuishiwa anafunga ghala ili isife. Betri ndilo ghala lenyewe. Halafu kuna inveta, sanduku la chuma lililofungwa ukutani sebuleni. Umeme wa betri, friji na televisheni haviuelewi, kwa hiyo inveta inaugeuza uwe wa kutumika nyumbani. Ubavuni ina matundu, na ndani feni ndogo inavuma.

"Hapa msirundike vitu," akasema. "Inafanya kazi ngumu hii, lazima ipumue."

"Kwani mimi mtoto?"

Saa hiyohiyo nikaondoa ua la plastiki lililokuwa kwenye rafu ya chini yake. Mimi nikielezwa, naelewa.

Baba watoto alisikiliza yote mpaka mwisho, akauliza kama televisheni itafika dakika za nyongeza.

Tarehe 6 Machi

Jambo lenyewe ni hili. Zahanati yetu haina umeme wa kuaminika, na katika chumba cha kujifungulia mkunga hushika tochi kwa meno. Wamepata ruhusa ya kufunga sola. Binti yangu ameomba kazi. Muuguzi Mkuu akamwambia, "Nionyeshe kazi yako iliyosimama, nije niione kwa macho." Na kazi yake iliyosimama, aliyoifanya peke yake tangu aache karakana, ni moja tu. Ni nyumba yangu.

Akiikosa hii itabidi arudi kwa bosi wake wa zamani, ambaye siku binti anaaga alimwambia mbele ya mafundi wote, "Masika haijaisha utakuwa umerudi kunishikia ngazi." Kwa hiyo cheti cha mwanangu ni sebule yangu. Nimeanza kusugua sakafu.

Tarehe 9 Machi

Katika nyumba hii hakuna kitu kinachokaa uchi mbele ya wageni. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, friji, meza, migongo ya viti, hata jagi la maji lina kofia yenye shanga. Vyote nimefuma kwa mkono wangu. Sasa hili sanduku la chuma, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa kuku, ndilo mgeni atakaloliona kwanza! Nimenunua uzi mweupe.

Tarehe 10 Machi

Joto. Nimefuma.

Tarehe 14 Machi

Dada zangu wawili wamekuja kuona mtambo. Kitambaa kilikuwa tayari, kina maua pembeni, kinaifunika inveta kuanzia kichwani mpaka magotini. Nikawasha kila kitu. Mdogo alipiga makofi. Mkubwa, ambaye akienda peponi atatafuta vumbi, akatazama sana halafu akasema, "Imependeza kama bibi harusi. Ila bibi harusi wako nyaya zinamwonekana kwenye matundu."

Maneno hayo hayajatoka kichwani mpaka sasa.

Tarehe 16 Machi

Nimempelekea jirani yangu fundi cherehani kitambaa akitie bitana. Huyu jirani ukuta wetu ni mmoja, ni mjane, anashona tangu asubuhi mpaka giza. Siku paneli zilipopandishwa alisema juu ya ukuta, "Hongera jirani, sasa jua ni lenu." Nimeligeuza neno hilo juu chini nikashindwa kujua ni tamu au ni chungu.

"Bitana ya nini kwenye kitambaa cha kufuma?" akaniuliza. "Si utaua matundu?"

"Ndiyo nayataka yafe. Tia satini, tena nzito, ianguke vizuri."

"Haya, Mama Fundi. Mwenye nguo ndiye mwenye amri."

Mama Fundi! Jina limeshaanza kushika.

Tarehe 17 Machi

Kitambaa kimerudi. Kimekuwa kama shuka la hoteli. Nimekikunja nikakiweka kabatini, ni cha wageni tu. Vumbi la kila siku halitakigusa.

Tarehe 21 Machi

Mvua za kwanza. Bati linapigwa mpaka husikii anachosema mwenzako, na kwa baba watoto hiyo ni nafuu. Binti anatoka alfajiri kutafuta vibarua vya kutengeneza taa, anarudi jioni viatu mkononi.

Tarehe 26 Machi

Nimeaibika leo. Nitaandika yote maana kifua kimejaa.

Muuguzi Mkuu amekuja mchana, bila kumngoja binti, kwa sababu nafasi yake ilikuwa hiyo. Ni mwanamke mfupi, mkavu, haketi mpaka ameangalia kiti. Nilikuwa nimeshajiandaa tangu asubuhi binti alipotoka: sakafu inang'aa, kitambaa kimevikwa, kila kitu kinawaka. Televisheni, feni kubwa, friji, taa za vyumba vyote ingawa ni mchana. Nikaingia kusaga matunda kwenye blenda ili anywe kinywaji cha jua, nilimtania hivyo.

"Hizi zote kwa paneli tatu?" akauliza.

"Tatu tu, dada. Mwanangu amepiga hesabu zake. Huyu tangu ananyonya alikuwa anachokonoa swichi."

Akatabasamu, nikazidi. Nikamweleza habari za Mama wa nyumba na ghala. Mara inveta ikalia chini ya kitambaa, ti-ti-ti, kama kifaranga aliyefunikwa tenga. Halafu kimya. Televisheni nyeusi. Blenda imesimama na kipande cha embe juu. Feni ikaendelea kuzunguka kwa kujivuta, Muuguzi Mkuu akaitazama mpaka ikatulia kabisa. Hakuna aibu ndefu kama feni inayosimama.

Wakati huohuo jirani akachungulia mlangoni kuomba uzi mweupe uliobaki. "Poleni! Kumbe jua nalo hulala mchana?"

"Ni mawingu," nikasema.

"Wanawake wangu huzaa hata siku za mawingu," Muuguzi Mkuu akajibu, akaaga. Lakini ni mtu wa haki. Alisema atarudi tena mara moja, na mwenyekiti wa kamati.

Nikavua kitambaa nikikunje. Kilikuwa na joto zuri, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Nikakirudisha kabatini.

Tarehe 27 Machi

Jana jioni binti alibonyeza swichi moja tu, vyote vikawaka. Akasoma kontrola. "Betri imejaa, Mama. Mawingu hayahusiki hapa. Ulifanya nini kabla haijazima?"

"Nilikaribisha mgeni."

"Uliwasha pasi?"

"Pasi ulinikataza. Nilikataa hata kuitazama."

Akaanza kuuma kucha. Alikuwa akiuma hivyo kabla ya mtihani.

Tarehe 30 Machi

Jumapili. Amewasha kila kitu, akavuta kiti akakaa mbele ya inveta tangu chai mpaka jioni kama anayelinda mgonjwa. Haikuzima hata kidogo. Baba watoto ametazama mechi zote, anasema huo ndio uchunguzi wa kina.

Tarehe 4 Aprili

Nimewaza. Mtambo hauzimi akiwepo yeye, hauzimi tukiwa wenyewe, unazima akija mgeni, tena jirani akitia mguu mlangoni. Sitaki kusema neno. Kitabu hiki nacho kina masikio.

Tarehe 5 Aprili

Mvua.

Tarehe 8 Aprili

Nimekumbuka kitu binti alinieleza siku ya kufunga paneli: paneli zimefungwa kwa mfuatano kama watu wanaopokezana ndoo, mmoja akisinzia kivulini na wenzake wanapungukiwa. Leo nimetoka uani nikaona mpapai wa jirani umepita ukuta, majani yake yanapunga upande wetu. Nikasema kimoyomoyo, nimekupata.

Nikamwita juu ya ukuta. "Jirani, mpapai wako unamwua mwanangu."

"Mpapai?"

"Unatia kivuli paneli. Kazi ya zahanati inaponyoka, na wewe unauangalia tu. Au ndivyo unavyopenda?"

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mkono wa gauni. "Mama Fundi, mimi nashona kwa kukanyaga, sijui habari za paneli. Unaniambia mti huu unamzuia mtoto kupata kazi?"

"Ndiyo nakuambia."

Akageuka akarudi ndani.

Tarehe 9 Aprili

Ameukata. Asubuhi nimesikia panga. Mapapai yalikuwa bado mabichi, mengi mno, amewagawia watu wa mtaa mzima. Mimi pia nimeletewa mawili, yamewekwa mlangoni bila hodi.

Tarehe 10 Aprili

Binti amerudi akaona uwazi ule. Nilimweleza kwa furaha. Akapanda ngazi, akashuka.

"Mama. Kivuli cha ule mti asubuhi kilikuwa kinaangukia choo chetu. Mchana kinaangukia kwake. Kwenye paneli hakijawahi kufika."

"Hata kidogo?"

"Ningefungaje paneli penye kivuli? Unanidharau?"

Mimi kumdharau! Mimi niliyemtangaza mpaka sokoni! Akaenda kwa jirani akakaa huko muda mrefu, aliporudi macho yalikuwa mekundu, hakula. Nami sikula. Mapapai yako mezani yananitazama.

Tarehe 13 Aprili

Mvua. Jirani tukikutana bombani ananisalimia kwanza. Afadhali angenitukana.

Tarehe 17 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mara ya pili. Binti alisema safari hii lazima awepo, akatoka asubuhi kidogo tu kumalizia kazi ya mtu. Mvua ikashuka, daraja dogo likafunikwa na maji, akakwama ng'ambo. Wageni wao walikuja na gari.

Mwenyekiti wa kamati ni mzee mstaafu wa posta, anaongea kama anapiga mihuri. "Tumekuja kuona. Washa."

Nikawasha. Kitambaa nilikuwa nimekivika tangu asubuhi, nikakivuta pembe zikae sawa. Muuguzi Mkuu akauliza, "Na blenda?" Nikawasha na blenda. Moyo ulikuwa unanipiga kuliko mashine yenyewe. Tukakaa. Mwenyekiti akaanza kunielezea barua zilivyokuwa zikifika zamani. Nikasikia feni ndogo ya inveta ikipiga kelele, inavuta pumzi, kitambaa kikanyonywa ubavuni kikajibana. Nikainuka nikakinyoosha, maana kilikuwa kimekunjana.

Ti-ti-ti.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, Mwenyekiti alikuwa anavaa kofia. Muuguzi Mkuu alinishika bega. "Binti yako nampenda, dada. Lakini siwezi kumweka mama anayejifungua chini ya kitu kinachozima kikitazamwa. Nitaongea na yule bwana wa karakana."

Yule bwana. Yule wa kushikiwa ngazi.

Maji darajani yalikuwa yamepungua: gari lao linatoka, binti anaingia, ameloa mpaka nywele. Alipishana nao getini, nadhani nyuso zao zilimtosha. Akatazama ukutani, akasimama pale matone yakimdondoka.

"Mama, hicho nini?"

"Kitambaa chake."

Akakigusa, akarudisha mkono haraka. Akakivua. Chini yake taa ndogo nyekundu, ambayo sijawahi kuiona siku zote hizi, ilikuwa inakonyeza. Akapindua kitambaa, akaona satini.

"Kila mgeni akija unakiweka?"

"Ni cha wageni. Wakiondoka nakivua, kisichafuke."

Akakaa chini sakafuni na nguo zake mbichi. "Inapata homa, Mama. Ikiwa inageuza umeme mwingi inatoa joto, na joto linatokea hapa kwenye matundu. Ukiiziba inajizima yenyewe ili isiungue. Nilikuambia ipumue."

"Uliniambia nisirundike vitu. Kitambaa si kitu, mwanangu, kitambaa ni heshima."

Nilidhani atalia. Akacheka, kicheko kibaya. "Nani alitia bitana?"

Hapo nilikuwa na mlango wazi wa kupitia. Nikaufunga. "Jirani. Lakini aliniuliza mara mbili kama sitaki matundu, nikamwamrisha. Ni mimi. Na mpapai ni mimi."

Tarehe 18 Aprili

Binti anasema yaishe, atarudi karakana Jumatatu. Amepiga pasi ovaroli yake ya zamani kwa mkaa. Nimeiona imetundikwa mlangoni kama mtu aliyechoka.

Haiishi. Mimi ndiye niliyejaza mtaa sifa. Mdomo huohuo utembee na kosa.

Tarehe 19 Aprili

Nimeenda zahanati na kitambaa kwenye mfuko. Benchi limejaa wajawazito. Mwenyekiti na Muuguzi Mkuu walikuwa barazani. Nilitaka kuwaita pembeni, nikajiambia, wewe sifa ulizitoa hadharani, leo unataka pembeni?

Nikakitandaza mezani. "Huyu ndiye mhalifu wenu."

Mwenyekiti akainua pembe kwa vidole viwili. "Hiki ni kitambaa."

"Ndiyo. Mwanangu alifunga mashine ya kupumua, mimi nikaiziba pua. Mara zote mbili. Kila mkija naipamba, ikipambika inazimia. Yeye hakujua, nilikuwa nakificha kabatini."

Mjamzito mmoja akaanza kucheka, akashika tumbo, benchi zima likafuata. Niliwaacha wacheke. Muuguzi Mkuu hakucheka. Akauliza, "Kwa nini ulikificha?"

"Sikukificha kwa ubaya. Nilikitunza."

"Kwa hiyo fundi hana kosa?" Mwenyekiti akauliza, kama anapiga muhuri wa mwisho.

"Kosa lake ni kuzaliwa na mimi, na hilo hakuulizwa."

Wakatazamana. "Nitakuja," Muuguzi Mkuu akasema. "Sikutajii siku. Na nikikuta imevaa hata leso, tumemalizana."

Tarehe 20 Aprili

Binti haendi karakana Jumatatu. Ovaroli imerudi sandukuni.

Tarehe 24 Aprili

Mvua. Hajaja.

Tarehe 27 Aprili

Mvua tangu juzi, jua hatujaliona sura. Hajaja. Inveta iko uchi, nyaya zote nje. Dada yangu mkubwa alipita akafungua mdomo, nikamwambia, "Funga."

Tarehe 29 Aprili

Muuguzi Mkuu amekuja kwenye mvua kubwa kuliko zote, buti mpaka magotini, na Mwenyekiti nyuma yake na mwavuli uliogeuka. Nilikuwa na kanga moja, sufuria mkononi, sebule haijafagiliwa. Binti hayupo.

"Washa vyote," akasema. Nikawasha. "Leo jua halipo. Unaniambia nini?"

"Mwanga bado upo, dada, ndiyo maana unaniona. Paneli zinapata kidogo, si kama siku ya jua, sikudanganyi. Tunachotumia sasa kingi ni cha akiba ya betri. Mvua ikizidi siku nyingi, tunapanga: taa na friji kwanza, televisheni baba watoto asubiri. Ghala likipungua sana, kontrola inalifunga yenyewe. Kwako mwanangu amesema ataweka betri kubwa zaidi, na taa za chumba cha uzazi zitakuwa na njia yao peke yao, mtu asije akachaji simu akamaliza mwanga wa mkunga."

Nilisema hivyo, na sikuongeza habari za kunyonya wala swichi.

Wakakaa. Walikaa mpaka mvua ikapungua. Mwenyekiti alimaliza habari za posta, akaanza za reli. Feni ndogo ilikuwa inavuma, upepo wake wa moto unatoka ubavuni, nikawaonyesha waweke mkono wahisi. Taa nyekundu haikuwaka. Blenda ilisaga papai. Yale ya jirani yalikuwa yameivia dirishani.

Muuguzi Mkuu alimaliza glasi. "Mwambie fundi aje kesho na vipimo vyake."

Walipopinda kona nikakaa palepale na kanga yangu mbaya, nikapiga kigelegele mpaka baba watoto akatoka bafuni na sabuni, anauliza nani amefunga goli.

Tarehe 2 Mei

Nimeenda kwa jirani na miche ya mipapai, na kile kitambaa kwenye mfuko. Nilibisha hodi, niliona kuruka ukuta kwa maneno kumetosha.

"Mama Fundi. Leo umefuata mti gani?"

"Nimekuja kupanda. Nilikukosea. Nilidhani una kijicho, kumbe jicho lenye kasoro ni langu."

Akatuliza mguu kwenye pedali. "Hilo neno 'jua ni lenu,'" akasema, "nilimaanisha ningependa na mimi siku moja. Basi."

Binti alikuja kutuonyesha pa kupanda. Tukachimba wote watatu. Jirani akachukua kitambaa, akakipima kwa macho. "Usikitupe. Nikikata hizi pembe, kinakuwa shali la mtoto mchanga."

"Kitamfaa?"

"Kinatunza joto. Hilo si umelithibitisha?"

Tulicheka mpaka jembe likaanguka.

Tarehe 11 Mei

Binti yuko juu ya bati la zahanati. Bosi wa zamani alipita, akasimama, akaangalia mafundo ya nyaya. Akasema, "Umefunga vizuri." Nilikuwa chini na chakula chake. Ngazi nilikuwa nimeishika mimi.

Tarehe 13 Mei

Mvua kidogo. Wanafunga nyaya za ndani.

Tarehe 24 Mei

Jua. Nimepeleka shali zahanati. Usiku wa kuamkia leo amezaliwa mtoto wa kike, na mkunga anasema meno yake yamepata likizo. Mama mzazi ni yule aliyecheka kwanza pale kwenye benchi. Akanitambua, akaanza tena.

Muuguzi Mkuu alinipitisha nione. Taa nyeupe, dirisha hadi dirisha. Inveta iko ukutani karibu na mlango, na juu yake, mtu amesharundika koti la kazi na taulo, kwa sababu pana msumari karibu, tena ni pakavu.

Sikuomba ruhusa. Nikavuta koti, nikavuta taulo, nikaweka mkono ubavuni mpaka nikahisi upepo wa moto unatoka.

"Hii haivikwi nguo," nikawaambia wote. "Akiuliza mtu, mwambieni mama yake fundi amekataza."

"Na hili shali?" mkunga akauliza. "Tuliweke wapi?"

"Kwa mtoto," nikasema. "Huyo ndiye mgeni."